Mkaguzi wa Siri, Daraja la Kwanza

Jumapili, tarehe 1 Juni

Nimenyolewa vibaya, na kosa ni langu. Niligeuza kichwa ghafla Kinyozi akiwa katikati ya kazi. Alikuwa ananieleza kwamba siku hizi, akishafunga kibanda, anafanya kazi ya mteja wa siri. Kampuni inamtuma madukani ajifanye mnunuzi. Ananunua sabuni, anaangalia kama sakafu imepigwa deki, anapima dakika alizokaa kwenye foleni, kisha anajaza fomu. Analipwa. Kidogo, lakini analipwa, na sabuni anabaki nayo.

Kinyozi! Mtu asiyeweza kutunza siri kutoka kichwa kimoja hadi kingine.

Mimi nimekuwa mtunza stoo miaka ishirini na miwili. Nilikuwa naingia stoo taa zimekatika na bado najua boliti zipi zimepungua. Kampuni ilipofungwa walinipa saa ya ukutani na kunishika mkono. Huu mwaka wa pili nakaa nyumbani naiangalia, huku mke wangu anaoka keki na mikate kwa jiko la mkaa ili tule. Ningepaswa kufurahi jirani amepata. Sikufurahi hata kidogo.

Nimemuuliza alitoa kiingilio gani. Akasema hakutoa kitu, na kwamba mwajiri anayekutoza kabla hajakulipa si mwajiri. Ndiyo maana wanamtuma sabuni.

Jumanne, tarehe 3 Juni

Mungu hamtupi mja wake. Ujumbe umeingia saa nne asubuhi. Hongera, umechaguliwa kuwa Mkaguzi wa Siri, Daraja la Kwanza. Na sikuomba! Kweli, jana niliacha namba yangu chini ya matangazo kumi na moja ya kazi mtandaoni, lakini hili halikuwamo. Ina maana sifa zangu zimejiendea zenyewe.

Nimempigia aliyeutuma. Ni Mkurugenzi wa Kanda. Sauti nzito, ya mtu aliyeshiba. Nyuma yake nilisikia jogoo, nikajua ofisi yao ina uwanja mpana.

Kazi yenyewe ni hii. Naingia duka kubwa, nanunua vocha za simu, nyingi, kwa fedha yangu. Naangalia muuzaji anavyonihudumia. Kisha nazikwangua na kumtumia Mkurugenzi namba zote, athibitishe kuwa vocha ni halali. Fedha yangu inarudi pamoja na mshahara baada ya siku tatu za kazi. Imeshatumwa tayari. Amenitumia picha ya karatasi ya benki, ina muhuri. Muhuri umepinda kidogo, lakini hata wa stoo kwetu ulikuwa unapinda.

Kuna ada ya usajili. Hapo maneno ya Kinyozi yalinijia, nikauliza kwa adabu kwa nini nilipe mimi. Mkurugenzi akanijibu kwamba mkono mtupu haulambwi. Nikatulia. Mtu anayejua methali hawezi kuwa mwizi.

Fedha ipo. Jikoni kuna makopo manne, UNGA, SUKARI, MAJANI, CHUMVI, yote nimeyaandika mimi kwa ule mwandiko wangu wa stoo, herufi A yenye mkia. Kopo la CHUMVI halina chumvi. Lina akiba ya mke wangu ya kununua oveni. Amejinyima kwa miezi kumi na minne. Nitaazima kwa siku tatu tu, hata hatajua. Atapata oveni, na mimi nitakuwa mtu mwenye cheo.

Nimelifungua kopo akiwa amekwenda kupeleka keki. Nililifunga, nikalifungua tena. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kwamba sikusita.

Jumatano, tarehe 4 Juni

Kazi imefanyika. Kasoro moja tu: duka kubwa la mtaa huu ndilo analofanyia kazi Binti.

Binti ni mtoto wa dada yake mke wangu. Anakaa kwetu, chumba cha nyuma. Yuko kaunta kwa majaribio ya miezi mitatu, na majaribio yanaisha Ijumaa hii. Akipita, anaajiriwa moja kwa moja. Asipopita, anarudi kwa mama yake, ambaye ameshautangazia ukoo mzima kwamba mwanawe ni mfanyakazi.

Nilivaa miwani ya jua na koti la mazishi. Nilibadilisha mwendo. Nilipofika kaunta, akaniambia, "Shikamoo, Baba mdogo." Mbele ya watu wote! Utambulisho wangu ukavuja hapo hapo.

Nikaagiza vocha kwa sauti nzito. Akauliza zote hizo za nini. Nikasema za biashara. Akainama, akaniuliza polepole kama kuna mtu wa kwenye simu aliyenituma. Akaninyooshea kidole bango lililobandikwa kaunta, linalosema usimtumie mtu usiyemjua namba za vocha. Kisha akauliza Mama mdogo anajua?

Nilimjibu kwa sauti kwamba mteja ni mfalme. Foleni nzima ikasonya, sijui walimsonya nani. Akanihesabia vocha bila kuinua macho. Nilirudi mara ya pili nikapanga foleni kaunta nyingine, lakini nilimwona ananitazama. Nisingependa kukumbuka alivyonitazama.

Nimezikwangua zote kwenye benchi nyuma ya duka. Mkurugenzi akajibu, safi sana, mzee wangu. Nikamwambia naandaa ripoti. Akasema ripoti si lazima.

Si lazima? Mkaguzi bila ripoti ni nani? Nimeandika kurasa tatu, mistari kwa rula, vichwa vya habari kwa wino mwekundu. Muuzaji wa kaunta namba mbili amemwita mteja kwa cheo cha ukoo. Anauliza maswali yasiyomhusu. Anachelewesha mauzo. Bango lake linaharibu mandhari. Alama: mbili juu ya kumi. Sikumtaja jina, mimi si mtu wa visasi. Na kwa kuwa ni dhambi kazi nzuri kama hiyo kukaa chini ya godoro, nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni la duka. Saini: Mkaguzi wa Siri, Daraja la Kwanza.

Alhamisi, tarehe 5 Juni

Mkurugenzi hapatikani. Nimepiga mara tisa. Labda yuko kikaoni.

Mke wangu ameona unga wa rangi ya fedha, ule wa vocha, chini ya kucha zangu. Nikamwambia nilikuwa nakwangua sufuria. Akaniangalia. Katika ndoa yetu ya miaka ishirini na sita sijawahi kukwangua sufuria.

Binti ametuambia wakati wa kula kwamba kesho ndiyo kesho. Ameshapiga pasi sare yake mara mbili. Hakusema chochote kuhusu vocha. Alinipa kipande kikubwa cha keki, akasema, "Kula, Baba mdogo." Nimekifunika kwa sahani.

Ijumaa, tarehe 6 Juni

Afadhali ningezaliwa bubu, na mikono isiyojua kuandika.

Kumbe sanduku la maoni hufunguliwa kila Ijumaa asubuhi. Binti amerudi saa saba mchana, sare kaikunja kwenye mfuko. Meneja amemwambia kwamba mkaguzi kutoka makao makuu amempa mbili juu ya kumi, na kwamba hawezi kumwajiri mtu aliyekaguliwa na kuanguka. Akampa nakala ya ripoti aende akajisome.

Akaiweka mezani. Mke wangu akakaa, akavaa miwani, akasoma ukurasa wa kwanza taratibu. Kisha akainuka, akaenda jikoni, akarudi na kopo la UNGA. Akaliweka kando ya karatasi. A na A. Mkia na mkia.

Saa yangu ya ukutani ndiyo iliyokuwa inasema.

Akarudi jikoni. Nikajua anafuata kopo gani. Nikasikia kifuniko kikifunguka. Nikangoja kelele, na hazikuja. Nilisikia tu kifuniko kikifungwa tena, polepole.

Nimewaambia yote. Mkurugenzi, jogoo, picha ya benki, methali. Binti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba Jumatano alitaka kukataa kuniuzia, ila sheria ya duka inamruhusu kuonya tu, si kukataa. Akaomba radhi kwamba hakunizuia kwa nguvu. Yeye akaniomba mimi radhi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu amekuja siku hiyo hiyo, na mizigo yake yote.

Jumamosi, tarehe 7 Juni

Mke wangu yuko jikoni. Anakanda unga. Nimemuuliza kama nimletee mkaa. Amesema mkaa upo. Nimeuliza kama nimletee maji. Yapo. Oveni ndiyo haipo, lakini hilo hakulisema, na sikuwa na uso wa kulisema mimi.

Nimekwenda kuripoti polisi. Askari ameandika kila kitu, akauliza kazi yangu. Nikatazama viatu vyangu. Akaandika "hana".

Nimepita kwa Kinyozi nikamwambia. Hakunicheka. Alifuta kioo kwa muda mrefu, kisha akasema hata yeye alishapata ujumbe kama huo, akaufuta. Afadhali angenicheka.

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Nimekwenda kwa meneja, bila miwani, bila koti. Nilisimama nje ya mlango wake kama mwanafunzi aliyeitwa na mwalimu. Nikamwambia yule mkaguzi wa makao makuu ni mimi, na kwamba makao makuu yenyewe ni benchi lililo nyuma ya duka lake.

Meneja ni kijana mwembamba, ana kalamu tatu mfukoni. Aliniuliza swali moja tu: je, Binti alinionya? Nikasema ndiyo. Kwa maneno gani? Nikamweleza neno kwa neno, kwa sababu tangu Ijumaa nayasikia hata nikiwa bafuni. Akaniambia kuonya wanunuzi wa vocha ni agizo la duka, na wauzaji wengine wote huwa wanaona aibu kulitekeleza. Ile kaunta nyingine niliyokwenda hawakuniuliza chochote. Nikakumbuka kwenye ripoti niliwapa nane.

Akanitaka niandike maelezo. Nikaomba rula. Akasema mstari mmoja unatosha.

Nimeandika: Binti huyu alinionya, nikamdharau, alikuwa sahihi, naye anastahili kumi juu ya kumi. Huo ndio ukaguzi pekee wa kweli nilioufanya maishani.

Mchana meneja amemwita Binti, na jioni amerudi sare kaivaa, hajaikunja. Ameajiriwa. Maelezo yangu yamebandikwa chumba cha wafanyakazi, wapya wajifunze. Mke wangu amecheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akafuta macho, akaenda kuchochea mkaa. Nilimfuata nikamwambia nisamehe, Mama watoto. Akasema alishanisamehe tangu Jumamosi, ila moshi bado unamuumiza macho, na mimi nisimame upande ule nipepee. Nimepepea mpaka mikate ikaiva.

Nimeapa mbele ya jiko lile. Sitaligusa tena kopo la CHUMVI, wala sitanunua tena vocha kwa ajili ya mkurugenzi yeyote.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Siku tatu nimepepea jiko. Nimeona kwa macho yangu anavyokohoa. Sikuwahi kukaa jikoni muda wote huo, sikujua. Nimesema liwalo na liwe, oveni lazima ije.

Na leo asubuhi ujumbe umeingia. Kitengo cha Kurejesha Fedha za Waliotapeliwa. Si Mkurugenzi, huyu ni Kamishna. Wamenipa pole kwa yaliyonipata, na wametaja kiasi nilichopoteza mpaka sarafu ya mwisho. Kiasi hicho hakijui mtu isipokuwa mimi, mke wangu, askari na yule mwizi. Kama si watu wa serikali, wangekijuaje?

Lakini mimi si yule wa wiki iliyopita. Safari hii nimeuliza maswali, kama Binti alivyonifundisha. Nimeuliza wazi: je, nyinyi ni matapeli? Wamejibu hapana. Kwa maandishi.

Kuna ada ndogo ya kufungua jalada. Kopo la CHUMVI sikuligusa, nimeapa na kiapo ni kiapo. Nimeuza saa ya ukutani. Ukuta umebaki na duara jeupe. Nimemwambia mke wangu saa iko kwa fundi. Imeniuma kumdanganya, imeniuma sana, lakini siku oveni itakapoingia mlangoni atanielewa.

Ada inalipwa kwa vocha. Kiapo changu kilihusu wakurugenzi, huyu ni Kamishna.

Sikwenda kwa Binti. Ameajiriwa juzi tu, sitaki kumweka tena kwenye matatizo. Nimetembea mpaka duka la ng'ambo ya stesheni. Muuzaji hakuinua kichwa kutoka kwenye simu yake. Hakuuliza za nani. Hakuuliza za nini. Hakuna bango. Dakika moja tu, nikawa nje.

Nimempa kumi juu ya kumi.