Alama ya X kwa Mzee Anselmi

Jumatatu, 3 Februari 2025

Mwenye nyumba amekuja tena. Anataka vyumba vyake mwisho wa mwezi. Tangu treni ya umeme ianze kusimama Morogoro, kila mwenye banda hapa Kihonda anajiona ana hoteli. Sina kinyongo. Namwombea tu bati livuje.

Lakini kuna nyumba! Ya Mzee Anselmi, mtaa wa pili. Vyumba vitatu mbele, vinatazama barabara, na banda la vyumba viwili uani. Mzee amestaafu, anataka kurudi kwao Mgeta kwenye baridi. Wiki iliyopita alitaja milioni ishirini na tano. Leo ishirini na nane. Tunazo ishirini na mbili, zote za mke wangu Mwanahawa, miaka tisa ya kuuza karoti. Mchango wangu mimi ni ushauri.

Mwanahawa kasema niende nimwamkie mzee kwa adabu, nimweleze hali yetu, nimwombe. Nikamwambia aniachie mimi. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Jumatano, 5 Februari

Nimekwenda kununua kitaalamu. Kununua kitaalamu ni kuponda. Nikaponda bati, choo, majogoo ya jirani. Mzee akakubali kila neno, akatikisa kichwa kwa masikitiko, halafu akaongeza milioni moja kwa kupotezewa muda. Ishirini na tisa!

Na nani nimemkuta barazani anakunywa chai? Luqmani! Shemeji yangu, kaka yake Mwanahawa, yule aliyetuapia kwamba fedha zake zote ziko kwenye mpunga Dakawa. Akasema Jumamosi analeta fedha taslimu, maana naye anapenda nyumba ya barabarani. Mnafiki mkubwa. Chai yenyewe ilikuwa na vitumbua viwili.

Ijumaa, 7 Februari

Nina akili! Watu hawajui tu.

Watu wa barabara wakitaka kubomoa nyumba huichora X nyekundu ukutani. Nyumba yenye X hainunuliki. Isiponunulika, bei inaanguka. Ikianguka, nainunua, naifuta X, nahamia. Na mchora mabango hodari kuliko wote Kihonda ni nani, kama si mimi?

Saa saba mchana. Wanaume wako msikitini, Mzee Anselmi kaenda mjini kupima presha. Mtaa mtupu. Nikatoa kopo na brashi. Nilikusudia kuchora ovyo ovyo, kama wao. Mkono ukakataa! Kingo zikanyooka zenyewe. Bado nikaona imepwaya, nikaitia kivuli cheusi upande wa kulia. Nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama. Sijawahi kuchora X nzuri kama ile.

Nikaiwahi rakaa ya mwisho. Tulipotoka jirani akauliza vidole vyangu vina nini. Nikasema nimechinja kuku. Mungu anisamehe.

Jumamosi, 8 Februari

Mtaa umechafuka. Watu wanakuja kuiangalia X kama maiti. Luqmani alifika na bahasha yake, akaiona, akageuza pikipiki bila kuzima injini. Nasikia yuko Dakawa, mapenzi ya mpunga yamerudi.

Nikaenda kumpa mzee pole, uso nimeukunja. Alikuwa ameshika tama. Akasema akipata kumi na nane atashukuru. Kumi na nane! Moyo ukaruka, nikaukalia. Kisha akasema nyumba ile aliijenga kwa miaka kumi na moja, tofali kwa tofali, marehemu mkewe akichota maji ya zege. Alipofika hapo sikutaka kusikiliza tena. Nikaaga.

Jumapili, 9 Februari

Nimempa Mwanahawa habari njema ya bei. Akaniuliza kama nina homa. Nyumba ya X! Watoto wake walale wapi, chini ya katapila? Nikamwambia X hufutika. Akauliza nimejuaje. Nikasema kujua rangi ndiyo kazi yangu.

Akavaa mtandio, akaenda kuiona mwenyewe. Aliporudi alikaa kitako, akasema kwa upole mbaya: Baba Maimuna, tangu lini watu wa barabara wakaweka kivuli? Kivuli kile kile kiko kwenye bango lake la karoti, nililomchorea mimi.

Njia ya mwongo fupi. Nikakiri yote. Akaamuru kesho niende nikafute, nipige magoti, niombe radhi. La sivyo nikaishi na Luqmani. Nimeogopa kweli. Naogopa kupoteza nyumba, na zaidi naogopa lile jicho lake.

Jumatatu, 10 Februari

Siku gani hii!

Nikaenda na tapentaini na tambara. Mwanahawa nyuma yangu, kama askari. Shikamoo, magoti, nikasema kila kitu. Mzee akalitazama tambara, kisha ukuta. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo ikasimama gari. Vijana watatu, vizibao vya njano, futi kamba. Barabara inapanuliwa! Wakapima. Mstari umepita katikati ya uani: nyumba ya mbele inakwenda, banda linabaki. Mwenye brashi akasogea ukutani, akaikuta X yangu. Akauliza nani kawatangulia. Nikaficha tambara nyuma. Akaitazama sana, akaandika namba chini yake, akafunika kopo.

Wakamwambia mzee atalipwa fidia, lini hawakusema. Mzee akakaa chini, akacheka mpaka machozi. Ana kwao Mgeta, anaweza kusubiri. Akasema bila X yangu angemuuzia Luqmani juzi, na fidia ingekwenda Dakawa. Akanisamehe! Mwanahawa naye akapumua kwa sauti. Tungeinunua ile nyumba, tungetoa fedha zote na kubanwa bandani na watoto wanne, tukisubiri fidia. Alhamdulillahi!

Kisha Mwanahawa akapiga magoti, akamwamkia mzee, akamwomba banda la uani. Dakika kumi. Milioni kumi na nne. Hakuponda hata jogoo.

Ijumaa, 14 Februari

Tumehamia. Vyumba viwili, vyetu! Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ametia muhuri. Barabara ikipanuka, tutakuwa tunatazama lami. Mwanahawa ameimba tangu asubuhi. Usiku wa jana nililala kama gogo, mara ya kwanza mwezi huu. Nikifikiri vizuri, mimi ndiye niliyeona mbali. Nimemwambia hivyo. Ameacha kuimba.

Kuna kipande cha yule jirani wa majogoo, hatua sita tu, kingenifaa sana kwa karakana ya mabango. Nimemuuliza. Kasema hauzi, kwa bei yoyote.

Kopo lina nusu ya rangi. Safari hii siweki kivuli.