Kiti cha Mbele Si cha Maharage

Jumatatu, 7 Machi
Kikao cha ushirika wa wakulima wa maharage. Nimehutubia dakika arobaini kuhusu barabara yetu mbovu, nikathibitisha kwamba ndege ndogo ingetuokoa. Papa Hilaire, katibu, aliwahi kupakia mizigo kwenye ndege za kweli na tangu hapo hatupumui kwa majigambo yake. Akasema mimi nimesoma vitabu vyote, lakini hata chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, siwezi kuiendesha. Watu wakacheka! Nikajibu kwamba nyumbani nina ndege. Ni kweli. Imo ndani ya kompyuta aliyoniachia binti yangu, kwenye mchezo wa kurusha ndege: ndege ndogo ya kutua porini, magurudumu manene, kila swichi inafanya kazi. Tumeahidiana mbele ya Mama Constance, mwenyekiti. Jumapili baada ya misa nitairusha na magunia manne, kutoka Kitshanga hadi Buleusa alikozaliwa Hilaire. Nikishindwa, nitanyamaza vikaoni miezi mitatu. Mimi! Hata siku ya harusi yangu nilimsahihisha padri.

Jumatano, 9 Machi
Injini imekataa kuwaka. Nimesoma mwongozo wote, kurasa mia na ishirini. Nimegundua hoja mbili dhaifu, msaada sikuupata. Kumbe jana niliacha swichi ya betri imewashwa, na ndege hii haisahau kitu, kama mama mkwe. Nimewaandikia watengenezaji barua kali ya kurasa tatu. Adelaïde, mke wangu, akanionyesha kitufe cha kuchaji pembeni ya skrini. Nimekibonyeza baada ya kumaliza barua. Kanuni ni kanuni.

Ijumaa, 11 Machi
Nimeruka! Nimetua! Mara nne, ndege tupu. Adelaïde akashauri nijaribu na mzigo. Nikamweleza kwamba anayejua kuogelea haulizi kina cha mto. Nimeanza kuandika hotuba ya ushindi.

Jumamosi, 12 Machi
Kupakia. Skrini inaonyesha viti na nafasi za mizigo, unaandika uzito. Adelaïde akauliza mbona siweki gunia moja kando ya rubani. Nilishtuka. Kiti cha mbele! Hata kwenye lori la mkaa, kiti kile ni cha mtu wa heshima. Nitaweka maharage mahali pa padri? Magunia yote manne nimeyapanga nyuma kabisa, mkiani. Kiti cha mbele kiko wazi, kisafi. Ndege yenye adabu.

Jumapili, 13 Machi
Sebule imejaa. Mama Constance kwenye kiti changu kizuri, Hilaire nyuma ya shingo yangu, anapumua. Ndege ikakimbia, ikainua pua. Shangwe! Pua ikaendelea kupanda. Nikasukuma usukani kwa mikono miwili. Ikapanda tu. Kwenye skrini mbingu tupu.
“Papa Grégoire,” Hilaire akasema, “maharage unapelekea Mungu?”
Kisha ikaanguka kwa makalio, hatua mia tano kutoka ilipoanzia.
Hilaire akanieleza kwa upole, jambo ambalo sitamsamehe, kwamba mzigo wote ukikaa mkiani, pua haishuki. Gunia moja au mawili yalipaswa kukaa mbele. “Kile kiti kilikuwa bure!” Nikasema hakikuwa bure, kilikuwa cha padri. Padri alikuwa mlangoni na sahani yake ya chakula. Akasema hajawahi kukubali kupanda ndege ile, na kwa alichokiona leo, hatapanda. Walicheka mpaka Mama Constance akafuta machozi kwa kitenge. Kisha akatoa hukumu. Miezi mitatu.

Jumatatu, 14 Machi
Kikao. Nimenyamaza saa mbili nzima. Hilaire amesema mambo tisa ya uongo, nimeyahesabu kwa vidole. Nimetafuna kalamu mpaka wino. Mama Constance akasema kikao hakijawahi kwisha mapema hivi, na Mungu abariki ndege.
Lakini ahadi haikukataza kuandika! Jioni nimempelekea Hilaire kurasa kumi na moja. Tatizo halikuwa adabu, ni nguvu ya injini. Nadai marudiano: Jumapili ijayo, magunia sita, yote mkiani. Padri amekikataa kiti, basi nimekiandika kwa jina la askofu. Nikishindwa, nitanyamaza mwaka mzima.
Adelaïde ameipeleka barua mwenyewe, mbio. Sijawahi kumwona akiunga mkono hoja yangu kwa furaha namna ile.