Siku Bosi Alipokwenda Kuchangia Damu

Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, ndipo nilipoanza kujiaibisha. Naandika kwa sababu kwa mdomo siwezi (mnanijua).

Mama Sechelela, jirani yetu hapa mtaani Kikuyu, alikuja analia. Mbwa wake Chui ana homa ya kupe, damu imekwisha. Daktari wa mifugo anataka mbwa mwenye afya amchangie leo hii hii, la sivyo basi.

Sisi tunaye mbwa wetu, Bosi. Kilo thelathini na mbili, chanjo zote, hajawahi kuugua. Nikasema, "Mama, Bosi atatoa." Mimi! Ambaye hata kuitika jina darasani ni kazi!

Sasa, kwetu mtu akitakiwa kuongeza damu anapewa nini? Juisi ya maua ya rozela. Nikamwekea Bosi jagi zima, nikachanganya na mchuzi wa dagaa ili asikatae. (Biolojia nina B. Msiulize.) Akaramba bakuli mpaka likang'aa.

Kwa daktari kulijaa watu na kuku wao. Nikaamkia, nikaongeza kwa kujiamini, "Bosi ni grupu O, anampa yeyote."

"Mbwa hawana O, binti," daktari akasema. "Wana makundi yao. Nitachanganya tone la damu yake na ya mgonjwa, nione kama zinapatana."

Bosi akapandishwa mezani, akaanza kunyolewa shingo. Akakohoa. Mara mbili. Kisha akamwaga! Nyekundu tupu, mpaka kwenye koti jeupe la daktari.

"Anatapika damu!" mama mmoja mwenye kuku akapiga yowe.

Daktari akaweka sindano chini. "Huyu naye mgonjwa. Hafai. Mrudisheni."

Mama Sechelela akashika kichwa. Nikamtazama Chui amelala pembeni, fizi nyeupe kama karatasi. Nikinyamaza, anakufa.

"Siyo damu," nikasema. Hakuna aliyesikia. Nikapasua sauti: "NI ROZELA! NIMEMPA MIMI! ILI AONGEZE DAMU!"

Wote wakanigeukia. Hata kuku.

"Na hivi vichwa vidogo vidogo?" daktari akauliza, anachokonoa koti.

"Dagaa," nikanong'ona.

Weee! Mwenye kuku alikaa chini kabisa. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akampima Bosi upya, akasubiri atulie, akachanganya yale matone. Damu zikapatana, akamtoa Bosi, akamwongezea Chui.

Leo Jumapili asubuhi, kabla ya kanisa, nikaenda kumjulia hali Chui. Akaniona, akasimama, akabweka, akanikimbiza huku anayumba mpaka getini. Kiatu changu kimoja kimebaki kwake.

Nimekimbia nacheka peke yangu. Ila ninyi msicheke, ninyi hamjaokoa mtu.