Kuuawa kwa Mdogo Wangu Sebuleni Kwangu

Kwa Ndugu Mwongozaji Mkuu,
Filamu ya Genge la Chuma,
Kibanda cha kutengeneza simu, mkabala na kinyozi.

Ndugu Mwongozaji,

YAH: OMBI LA KUMWACHA HAI MDOGO WANGU

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na utapata nafasi ya kuisoma kabla hujarudi kwenye simu za watu. Sisi huku hatujambo. Mchanga wangu ameanza kuota jino, kwa hiyo hakuna anayelala humu ndani isipokuwa baba yake, naye hulala mchana kwa sababu ya kazi yake. Huo usingizi wa mchana nitaufikia.

Ningeweza kukuita dirishani tukayamaliza, maana kibanda chako nakiona nikiwa naanika nguo. Lakini kila nikikuita unaniitikia "naam, dada" kwa adabu kabisa, halafu unafanya ulichokusudia. Karatasi haijui naam dada, ndiyo maana nimeandika.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba mimi siipingi filamu. Vijana wakikaa pamoja bila kugombana, wakabuni kitu, ni jambo la kushukuru. Uliponiomba sebule yangu iwe pango la majambazi nilikubali kwa sababu majambazi wenyewe nawajua. Wewe ni fundi simu. Msaliti wa genge ni muuza mayai wa pale kona. Na bosi anayetisha mji mzima, huyo Chuma, ni mdogo wangu niliyemlea, anayepiga msasa viti kwenye karakana ya seremala, na ambaye akiona mende hupanda juu ya meza akaniita mimi. Nikajisemea, genge hili halina makali. Sasa nayapanga malalamiko yangu kwa namba ili asiwepo wa kusema hakuelewa.

1. Mpini wa ufagio. Umeufungia simu yako kwa kamba, ukasema ndiyo kamera. Sawa. Ila mimi nafagia nimeinama kama mtu aliyedondosha sindano. Naomba mpini.

2. Mali ya wizi. Katika filamu genge limevunja benki na kutoka na begi limetuna. Begi hilo ni la kliniki la mchanga wangu. Mamilioni yaliyomo ni nepi zake, mlizozianua kambani zikiwa na unyevu, mkazikunja vibunda vibunda na kuzifunga mpira. Sikatai, mmezikunja vizuri kuliko ninavyokunja mimi. Lakini mtoto alipochafua ilinibidi niingie katikati ya mgawo wa mali nikachukua fungu langu, nawe ukalalamika kwamba nimekuharibia picha. Ndugu Mwongozaji, jambazi anaweza kusubiri. Mtoto wa miezi mitano hasubiri.

3. Tabia ya bosi. Tangu awe Chuma, mdogo wangu haingii ndani, anatokea. Hodi hapigi. Mlango anausukuma kwa mguu, na mlango wenyewe unaujua, bawaba ya juu ilishatuaga zamani. Miwani ya jua haivui hata jikoni, ndiyo sababu ndoo yangu ya maji ya kunywa ilimwagika na yeye akaiomba radhi ndoo. Nikimtuma maji mengine ananiambia kwa sauti nzito kwamba Chuma habebi ndoo. Nikamwambia hakuna neno, basi Chuma ataoga vumbi lake la msasa. Akabeba.

Halafu kuna hili shati jeupe. Filamu hizi za vijana wanaotaka kuwa majambazi nimeziona kwenye banda la video kabla sijaolewa, na zote ni ndugu wa tumbo moja. Vijana hawana kitu, wana bastola moja na koti la kuazima, na wanautaka mji wote kabla ya Ijumaa. Na wote wamevaa nyeupe. Hakuna hata mmoja mwenye mama, wala dada, wala shangazi. Wanapigana kwenye tope, wanaviringika kwenye makaa, kesho yake shati linametameta. Anayefua ni nani? Kwenye filamu hayupo. Kwenye karai yupo, na mikono yake imechubuka. Bastola yenu ya mbao mmeipaka rangi ya viatu ambayo haikauki, na mpaka sasa nimeikuta kwenye shati, kwenye foronya mbili na kwenye kipaji cha uso cha mtoto mchanga, ambaye hakushiriki uhalifu wowote.

4. Baba watoto. Mume wangu ni mlinzi, na kitanda chake kiko nyuma ya pazia la sebule. Yaani genge lako limepanga kuvunja benki likiwa limekaa miguuni pa mlinzi. Siku ya kwanza alikoroma. Badala ya kuona aibu, ukasema aachwe akorome, itasikika kama lori linalosubiri nje. Siku ya pili muuza mayai akapaza sauti kwamba sefu ifunguliwe au watu wafe. Mtu amelala, kazi yake ni hiyo hiyo ya kuzuia wezi, unategemea nini? Akaruka na rungu lake, amejifunga shuka langu la maua, na genge lote likatorokea dirishani, Chuma akiwa wa kwanza. Nasikia kipande hicho umekihifadhi na unawaambia watu ndicho kizuri kuliko vyote. Hata mimi nilicheka, sikatai. Lakini mwenyewe ana wenzake kazini. Anaomba kama inawezekana lile shuka lisionekane.

5. Kuuawa. Hapa sasa ndipo penyewe, na haya mengine yote ningeyavumilia.

Siku mlipofanya mazoezi ya mwisho wa filamu, muuza mayai alimpiga Chuma risasi mlangoni pangu. Risasi mlizitamka kwa mdomo, paa, paa, mkasema mlio utawekwa baadaye. Mdogo wangu akaanguka. Hamkujua kwamba Kidoti wangu yuko chini ya meza na mdoli wake. Mtoto wa miaka minne hajui mambo ya baadaye. Alichojua ni kwamba mjomba wake yuko sakafuni na hapumui. Alilia kilio ambacho hata wewe uliiacha simu ikining'inia kwenye ufagio. Ndipo ukasema "kata", na mjomba akainuka akijipangusa vumbi. Kidoti akanyamaza hapo hapo. Nikadhani yamekwisha.

Kumbe alikuwa amejifunza kitu. Kesho yake nilimkuta amechuchumaa juu ya mende niliyemkanyaga, anamwambia kata. Kikombe kilipovunjika, akakiambia kata. Mayai hali tena, kwa sababu muuzaji amemuua mjomba, na nikimpeleka pale kona anajificha nyuma ya gauni langu na kumchungulia yule kijana maskini mpaka anasahau chenji. Na kila asubuhi mjomba akitaka kwenda kazini, Kidoti anaung'ang'ania mguu wake kwa mikono yote miwili. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, huko karakana dairekta hayupo, mjomba akifa nani atasema kata?

Sisi tunamnasua kidole kimoja kimoja huku analia. Fundi seremala amekwisha kumwambia mdogo wangu kwamba akichelewa tena abaki huko huko na ujambazi wake. Wewe unaijua karakana ile. Hakuna nyingine hapa inayochukua kijana asiye na cheti.

Nilikuwa nampaka Kidoti mafuta baada ya kumwogesha, ndipo akaniuliza kwa nini bibi hakuambiwa kata. Mama yangu alifia katika sebule hiyo hiyo, mwaka jana, na wewe ulikuja ukabeba viti. Unakumbuka tulivyojaa, watu wazima watupu, wengine mpaka uani. Mtoto anasema tulikuwa wengi na hakuna hata mmoja aliyesema. Nikamalizia mafuta miguuni.

Kwa sababu hizo, Ndugu Mwongozaji, natoa maombi yafuatayo kwa heshima na kwa msimamo.

Kwanza, Chuma asife. Tangu tukiwa watoto tunajua stelingi, yule mkuu wa filamu, hafi. Hata wale waliokuwa wakiingia banda la video kwa kupenya chini ya turubai walilijua hilo, na walikuwa hawajalipa.

Pili, kwa kuwa risasi imeshatoka mdomoni mwa muuza mayai na haiwezi kurudi, naomba iingie kwenye begi. Nepi zile ni za kitambaa kizito na zimekunjwa mara nne. Nayajua mambo ambayo zimekwisha kuyazuia, na risasi ni jambo dogo.

Tatu, msaliti atubu. Atubu mbele ya kamera, ameshika trei ya mayai, Kidoti akiwepo.

Nne, genge lirudishe mali. Benki haitazipokea nepi, kwa hiyo zirudishwe kambani, na kila jambazi aanike fungu lake.

Tano, awepo dada. Wakati bastola zote zimenyooshwa na hakuna anayepumua, dada anaingia na mtoto mgongoni, anawaambia chakula kiko mezani na asiyenawa mikono hali. Majambazi wanatazamana. Mmoja anauliza kama kuna pilipili. Wanaweka silaha juu ya kabati mahali ambapo watoto hawafiki, wanakula, kisha kila mmoja anakwenda kwao kabla giza halijaingia. Mwisho.

Najua utasema hiyo si filamu ya majambazi tena. Mimi naona ndiyo kwanza itakuwa filamu ya majambazi ninaowafahamu. Na kama utahitaji mtu wa kuwa huyo dada, yupo mmoja ambaye maneno yake ameshayajua kwa moyo, ila apewe taarifa mapema asuke nywele.

Nisalimie mama yako, mwambie sufuria yake ninayo na nitaileta mwenyewe. Msalimie kinyozi. Msalimie muuza mayai, mwambie hatuna ugomvi naye, ila apite mbali kidogo na dirisha letu mpaka hili liishe. Baba watoto anakusalimu kutoka nyuma ya pazia, na mchanga anakusalimu kwa jino lake.

Wako anayefagia ameinama,
Dada yake Chuma, ambaye mpaka naandika haya bado yu hai.

Nyongeza: Barua hii ilikaa juu ya kabati kwa sababu sikupata wa kukuletea, na katika kukaa kwake mambo yamegeuka. Nilimweka Kidoti chini nimpe habari njema kwamba mjomba hatakufa tena. Hakufurahi. Aliniuliza, sasa kata itasemwa saa ngapi?

Nikaona nimweleze ukweli wote. Nikamwambia ya bibi haikuwa filamu, na pale hata sote tungesema kata kwa pamoja isingefaa kitu. Kisha akauliza, na mjomba je, ni filamu? Nikamwambia ndiyo, mwanangu, ya mjomba ni filamu. Basi akamwamuru mjomba wake alale sakafuni. Bosi wa mji mzima akalala. Akamwacha hapo kidogo, amekunja mikono kifuani kama wewe unavyokunja, ndipo akasema kata, na mjomba akainuka. Wakarudia mpaka baba yake akaomba huruma nyuma ya pazia, na mpaka mtoto akawa anacheka hata kabla mtu hajaanguka.

Leo asubuhi amemwachia mguu mwenyewe. Alimsindikiza hadi mlangoni, akamwambia, "Mjomba, ukifa uniite."

Kwa hiyo muueni tu. Muueni Jumamosi, mchana, baba watoto akiwa ameshapata usingizi kidogo. Ila mazoezi ya kufa ayarudie vizuri, maana safari ile alianguka kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kitanda. Na neno la kumwinua asiliseme mtu mwingine humo ndani isipokuwa Kidoti. Shati nimeshalifua, liko kambani.