Urais wa Lori la Mbao

Jumanne, 8 Julai

Baridi kali. Rais anaondoka.

Ametuita ofisini Njombe, juu ya duka la pembejeo, tukakaa kuzunguka jiko la mkaa. Filbert ndiye aliyeanzisha kampuni yetu ya michezo ya video, na mwenyewe alijiita Rais. Wakurugenzi, alisema, wamejaa kila mahali, hadi kwenye matanuri ya matofali. Sasa macho yamechoshwa na kompyuta, anarudi kwao Mlangali kulima maharage. Rais mpya atatajwa Jumatatu. Atakayemtaja ni Mama Germana, mwalimu mstaafu na mkulima wa parachichi, mwenye hisa nyingi kuliko sisi wote tukijumlishwa.

Wanaofaa ni wawili. Mimi, Remmy, Mkuu wa Tawi la Makambako. Tawi ni chumba kimoja na mfanyakazi ni mimi. Wa pili ni Fidelia, aliyetengeneza gemu yetu pekee, Lori la Mbao, ambamo mchezaji anatoa mbao Njombe hadi Makambako bila kudondosha hata moja. Binti mchapakazi, sikatai. Lakini hana tai. Mimi ninazo mbili.

Jumatano, 9 Julai

Nimerudi Makambako. Nimewaza hadi chai ikapoa.

Nimempigia Filbert, nikamuuliza kijanja Mama Germana anathamini nini kwa mtu. Kasema heshima. Kasema enzi za ualimu wake, mtoto aliyempita bila kumwamkia alirudishwa hadi getini aanze kutembea upya.

Heshima! Wazo likanijia hapo hapo. Tumweke Rais ndani ya gemu. Lori likifika njia panda ya Makambako, Rais ameketi kando ya barabara kwenye kiti cha kuzunguka. Lori linasimama. Dereva anamwamkia Rais, ndipo anaendelea. Asipomwamkia, haendi popote. Sura ya Rais iwe yangu. Mama ataona ninavyothamini heshima, na papo hapo atazoea kuniona kitini. Ndege wawili, jiwe moja. Nimelala mchana, nimeridhika.

Alhamisi, 10 Julai

Njombe tena. Nimempa Fidelia picha yangu ya pasipoti, ile ya tai nyekundu. Kauliza ya nini. Nimemwambia ni utafiti wa soko. Hakubisha. Hilo ndilo linaloniudhi kwake, mtu habishi.

Kauliza kitufe kiandikwe nini. Nikasema, "Shikamoo Rais." Kauliza mchezaji akiwa mtu mzima kuliko huyo Rais itakuwaje. Nimemjibu cheo hakina umri. Kauliza aweke njia ya kupita bila kuamkia? Nikamwambia thubutu. Akanitazama kidogo, akasema haya kaka, akaanza kuandika.

Filbert kapita nyuma yetu, kaiona sura yangu kwenye kioo, kasema mbona nimenenepa. Wivu wa anayeondoka.

Jumapili, 13 Julai

Nimesali kwa Walutheri wa Njombe, mimi Mkatoliki wa kuzaliwa, ili Mama Germana anione. Benchi la mbele, tai ya bluu. Nimeimba kwa sauti nyimbo nisizozijua. Mzee wa kanisa aligeuka mara kadhaa kunitazama, nadhani kwa kuvutiwa.

Baada ya ibada nikauliza Mama yuko wapi. Kumbe yuko Makambako, kwenye harusi ya mpwa wake. Ukumbi unatazamana na tawi langu. Nimekula viazi vya kuchemsha, nikaenda kulala kwa binamu.

Jumatatu, 14 Julai

Naandika kwa ufupi kwa sababu sijisikii vizuri.

Mama Germana kafika na sweta mbili na kitenge. Kasema kabla ya kumtaja mtu anataka kwanza kulijaribu Lori jipya. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba anacheza. Anacheza kila siku, akiwasubiri wachumaji wake wa parachichi! Na anaendesha vizuri. Hakudondosha hata ubao mmoja.

Njia panda. Lori likasimama. Nikatokea mimi, kitini, nimetulia.

Mama akarekebisha miwani. Akauliza, huyu si Remmy? Nikasema ndiye, kwa unyenyekevu. Akauliza anafanya nini pale. Fidelia akajibu kwamba anasubiri aamkiwe. Mama ni rika la bibi yangu. Akaiweka simu mezani, akakunja mikono, akasema basi naye atasubiri.

Tukasubiri. Mimi wa kwenye simu nilikuwa napepesa macho tu, maana Fidelia kanitengeneza vizuri. Chai ikaletwa. Mkaa ukaisha, ukaongezwa. Filbert alikuwa anatazama dari.

Nikaona nilimalize mwenyewe. Nikasimama, nikamwamkia Mama shikamoo. Akaitikia marahaba, vizuri kabisa, akaniuliza habari za nyumbani kwetu Mawengi, za mama yangu, za mahindi. Nikadhani yameisha. Akaninyooshea ile simu. Na huyu je? Nikamweleza kwamba huyo hawezi, hakufundishwa kuamkia. Mama akasema ameona.

Akauliza nani katengeneza kitu hiki. Fidelia angeweza kunitaja. Hakunitaja. Alisema ni yeye, na atarekebisha leo hii. Mama akamtazama, kisha akanitazama mimi, kisha akamwambia Filbert kiti ampe binti.

Iliniuma. Sifichi. Nilishindwa kumaliza chai, na ilikuwa ya tangawizi.

Jumatano, 16 Julai

Mambo mazuri.

Rais Fidelia kaja Makambako, peke yake, kwa basi. Nilimwona kupitia dirisha. Sikusimama. Nilikaa kitini, nikakunja mikono sawasawa na Mama Germana, nikasubiri kuona nani ataanza.

Kaanza yeye! Shikamoo kaka Remmy. Nikaitikia marahaba, taratibu. Ni kweli nimemzidi umri, lakini hilo halihusiani. Mtu huamkia aliye juu yake, na Fidelia si mjinga, anajua aliye juu ni nani. Cheo wamempa yeye, madaraka yamebaki kwangu.

Kaja na habari. Chumba hiki kinarudishwa kwa mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Nitahamia Njombe, kwenye meza iliyo jirani na yake, niwe napokea simu za wateja. Maana yake hawezi kufanya kazi nikiwa mbali. Nilimwacha asubiri jibu hadi akatazama saa, ndipo nikakubali.

Jioni nimepita kwa fundi wa vibao, nimeagiza kibao kidogo cha mezani, maandishi ya dhahabu: RAIS MWANDAMIZI. Fundi kauliza kitakaa upande gani wa meza, ajue kukiinamisha. Nimemwambia karibu na simu.