Turbo ya Baba Rebeka

Jumanne, 3 Juni

Balaa! Gari limeishiwa nguvu nikitoka sokoni. Gunia tatu tu za alizeti nyuma, nakanyaga mafuta, moshi mweusi, gari haliendi. Kwenye kimlima nikapitwa na mzee wa baiskeli aliyebeba tenga la kuku. Nikampa shikamoo kupitia dirishani, kama mtu anayetembea taratibu kwa kupenda.

Ugonjwa nimeutambua mwenyewe. Turbo imekufa! Turbo ndiyo inayoisukumia injini hewa. Ikifa, gari linabaki jina. Nimeangalia video mbili kwenye simu. Ya pili nusu.

Martina asijue. Jumamosi lazima tukamchukue mama yake kijijini Mgori, aje kwenye kipaimara cha binti yetu Rebeka. Nikishindwa, atakwenda Chediel, mwanyumba wangu, aliyemwoa mdogo wake Martina. Pasaka alimleta yeye. Tangu siku hiyo mama mkwe anamwita "mwanangu". Mimi, miaka kumi na tano ya ndoa, bado ni "baba Rebeka". Sikubali!

Faraja moja: chombo cha maji ya kuku nilichounda juzi hakivuji hata tone. Ndoo, kipande cha bomba, klipu moja ya chuma ya kubania. Martina mwenyewe alinisifu mbele ya jirani.

Jumatano, 4 Juni

Asubuhi na mapema Utemini, kwa fundi Alute. Akaniuliza gari linasumbuaje. Nikamwambia asijisumbue, turbo imekufa, aifungue. Akasema angeanza kwa kuangalia mabomba ya hewa. Nikakataa katakata. Fundi akianza kuangalia, haachi.

Akaifungua, kanuna. Akakizungusha kifeni cha ndani kwa kidole. Kikazunguka vizuri tu, hakijalegea, wala hakuna oili inayovuja. Akasema turbo ni nzima kuliko mwenye gari. Akairudisha, akataka sasa ayafuatilie yale mabomba mpaka kwenye injini.

Hapo hapo nani anaingia gereji? Chediel! Kaja kuziba pancha. Akauliza gari lina nini. Nikasema halina kitu, nimekuja kumjulia hali fundi. Nikawasha, nikaondoka. Moshi ulimfunika mpaka kofia.

Alhamisi, 5 Juni

Nimepata dawa! Kama gari halina nguvu, lipunguzwe uzito. Nimetoa tairi la akiba, jeki, mazulia na kiti chote cha nyuma.

Martina akauliza kiti cha gari kinafanya nini sebuleni. Nikasema nakisafisha kwa ajili ya mama. Akafurahi sana, mpaka akaniongezea nyama mchana. Nikaona aibu kidogo. Nyama nikaila.

Jioni nikapendekeza mama akae mbele na mimi, kiti kibaki nyumbani. Martina akaniuliza kama nina akili timamu: tangu lini mama mkwe akakaa bega kwa bega na mkwe wake? Kweli. Kiti nimekirudisha. Tairi na jeki nimevificha stoo.

Jumamosi, 7 Juni



Kwenda Mgori tulifika, taratibu. Nikamwambia Martina naionea huruma barabara. Mama mkwe akatoka na mizigo yake: ndoo ya asali, gunia la karanga, na jogoo mmoja mkubwa aliyefungwa miguu kwa ukanda wa mpira wa baiskeli. Nikamwamkia kwa heshima zote. Akaitikia, "Marahaba, baba Rebeka." Roho ikauma.

Kilima cha kwanza tu, pwaa! Moshi. Gari likasimama katikati ya barabara. Martina akatoa simu kumpigia Chediel. Nikamsihi jamani asipige. Kugeuka, mama mkwe ameshashuka, anakunja mikono ya blauzi ili asukume. Mama mkwe asukume gari langu! Nilitamani ardhi inimeze mimi na gari langu.

Nikamwomba asisukume. Akasema basi nifungue boneti na kukanyaga mafuta. Yeye ana mashine ya kukamua alizeti mwaka wa ishirini sasa. Akainama, akasikiliza, akamwambia Martina kitu kwa Kinyaturu. Martina akatafsiri: upepo unatoka pale. Mama akanyoosha kidole kwenye bomba nene linalotoka kwenye turbo. Limechomoka upande wa injini. Upande mwingine una klipu. Huu hauna.

Martina akalitazama lile bomba. Akanitazama mimi. Akasema neno moja: kuku.

Nikajitetea kwamba bomba ni moja, klipu zilikuwa mbili, niliona moja inatosha.

Mama mkwe alicheka mpaka akaketi juu ya gunia. Kisha akamfungua jogoo, akachukua ule ukanda wa mpira, akalikaza bomba. Gari likapanda kilima kama jipya! Jogoo akasafiri huru, akinidonoa kisogo mpaka nyumbani Singida.

Jumapili, 8 Juni

Rebeka kapata kipaimara, kapendeza, nimelia. Sherehe nyumbani, pilau tele. Mama mkwe akasimama kutoa neno, akasimulia kila kitu! Watu hoi. Chediel alicheka kuliko wote, akapaliwa na soda.

Mama akamalizia kwamba Chediel ni mtu mzima, anaweza kujitegemea. Akanishika bega mbele ya wote. "Huyu sasa ndiye mwanangu, maana huyu hafai kuachwa peke yake."

Mwanangu! Mbele ya Chediel! Nimeshinda.

Jumatatu, 9 Juni

Klipu imerudi kwenye gari, Martina akiwa amenisimamia. Gari linaruka!

Ila chombo cha kuku kinavuja vibaya. Banda zima tope. Nikafungua boneti, kuangalia tu. Kumbe lipo bomba jingine, la maji, linalotoka kwenye rejeta inayopoza injini. Klipu mbili! Bomba moja!

Imebana kwa shida, lakini imebana. Kuku wanakunywa, hakivuji hata tone. Kesho asubuhi namrudisha mama Mgori.