Sebule ya Miduara ya Chungwa

Jumatatu, 4 Machi
Mke wangu Tove kaondoka asubuhi kwenda Esbjerg kwa dada yake. Kasema anapumzika. Nikamuuliza anapumzika kutokana na nini. Kasema, kutokana na mimi. Baada ya miaka thelathini na moja ya ndoa! Nimechoka hata kahawa sijamaliza.

Ila mpango ninao. Katika albamu yake kuna picha ya sebule ya wazazi wake, 1974: karatasi za ukutani zenye miduara ya rangi ya chungwa, kochi la kahawia, taa kubwa ya plastiki. Tove mdogo kasimama katikati. Akirudi Jumamosi ataikuta sebule hiyohiyo hapa Odense. Atalia kwa furaha.

Jumanne, 5 Machi
Karatasi nimezipata, za enzi zile kabisa. Nimebandika kutwa. Mgongo wangu! Miduara haikutani. Nusu ya duara iko usawa wa kichwa, nusu yake iko magotini. Flemming, jirani wa chini, kapanda kuchungulia. Kwake ni miaka ya sabini tangu miaka ya sabini. Hajawahi kubadilisha kitu. Kanishauri nitumie timazi, ile kamba yenye uzito ya kunyooshea kuta. Nani kamwomba ushauri?

Jumatano, 6 Machi
Kochi limefika. Haliingii. Nimelikata miguu. Bado. Nimeng'oa mlango. Limeingia nusu, likagoma. Kwa saa tatu nzima nimekwama sebuleni, jikoni kuko upande wa pili. Flemming kanipenyezea mkate mweusi na samaki wa siki chini ya kochi, kama nimefungwa jela. Nimekula. Aibu.

Alhamisi, 7 Machi
Taa ya kwenye picha anayo nani? Flemming! Hauzi. Anataka kiti cha kijivu cha Tove, kile anachosomea dirishani. Nimempa. Kwenye picha hakuna kiti cha kijivu.

Jumamosi, 9 Machi
Tove karudi. Nikamwambia afumbue macho. Akatazama. Akalia. Nikapiga makofi.

“Egon,” akasema, “katika sebule ile ndipo Baba alipotuambia Mama harudi tena. Tulikuwa tumekaa kwenye kochi kama hili. Nilikuwa na miaka tisa.”

Anasema aliwahi kuniambia. Mara mbili. Labda nilikuwa nasikiliza utabiri wa hali ya hewa redioni.

Kisha akauliza kiti chake kiko wapi. Nikamweleza habari ya taa. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alishuka kwa Flemming hata koti hajavua, na kupitia sakafuni nikawasikia wakicheka.

Jumapili, 10 Machi
Tove kapanda saa nne asubuhi, kiti mkononi. Flemming kakirudisha bila masharti. Tumebandua karatasi pamoja. Gundi ilimnasa nyweleni, akacheka kidogo. Nikapumua.

Halafu akasema taratibu, “Mume wangu, sitaki unirudishie zamani. Nataka uniulize. Kabla ya kufanya kitu, uniulize tu.”

Nikaitikia kwa kichwa. Nimemwelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa mwaka. Sabini na nne ulimuumiza, maskini. Lakini miaka ya hamsini alikuwa hajazaliwa! Haiwezi kumkumbusha lolote. Ijumaa anakwenda kwa daktari wa meno, na bafu nimeshalipima. Vigae vya waridi, sinki la waridi, kila kitu waridi, kama bafu za miaka ya hamsini.

Sijamuuliza. Nikimuuliza, utamu wote unaisha.